Nani Kaondoka na Namba Saba?

Dereva wa basi namba saba alikuja dirishani kwa msimamizi wa safari huku akitafuna mkate, akauliza basi lake limehamishiwa wapi. Msimamizi hakuinua hata macho. Pale depo dereva huyo walimwita Kesho, kwa kuwa kila alichoagizwa alikiahidi kesho, na mizaha yake ya asubuhi haikuwa na mwisho. Msimamizi akamwambia arudi akatazame vizuri, basi si sindano. Kesho akajibu kwamba ametazama mpaka nyuma ya karakana, na pale basi lilipolala pamebaki doa la oili tu.

Msimamizi akaweka kalamu chini na kutoka. Mabasi ya manispaa hayakuwa mengi. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, unauvuka kwa basi kabla hujamaliza kusoma gazeti, na yadi yote ya mabasi uliweza kuiona ukiwa umesimama mlangoni. Akaona namba tatu, akaona namba tano inapanguswa vioo. Kati ya hizo mbili palikuwa na nafasi tupu.

Kila asubuhi mafundi waliwasha injini mapema zipate moto, kisha wakaacha funguo humo humo mpaka madereva waje. Haikuwahi kumjia mtu yeyote akilini kwamba basi linaweza kuibwa. Ukishaliiba utalificha wapi, na utamuuzia nani?

Wakaenda getini. Mlinzi, mtu mzima aliyevaa kofia iliyomzidi kichwa, aliwajibu bila wasiwasi kwamba namba saba imeshatoka, tena imetoka kwa wakati, tofauti na siku nyingine. Akamtupia Kesho jicho. Msimamizi akauliza nani kaitoa.

"Mzee Taratibu," mlinzi akasema.

"Mzee Taratibu yupi?"

Alilitamka swali hilo huku akijua kwamba mji mzima ulikuwa na mmoja tu.

"Baba yako. Mimi nilidhani wamemrudisha kazini. Alikuwa na sare, kofia, viatu vinang'aa. Akaniita lile jina langu la ujana. Nikamfungulia."

Msimamizi alisikia maneno yote na hakuna hata moja lililoingia. Alibaki anamtazama mlinzi mdomoni kama anayengoja asahihishe. Kesho aliacha kutafuna.

Baba yake alikuwa ameendesha mabasi ya manispaa tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zilipokuwa nyeupe zote. Jina la Taratibu alilipata kwa abiria, kwa namna alivyoshika breki: kikombe cha chai kingeweza kukaa sakafuni kisimwagike. Alipostaafu alipewa saa ya ukutani na makofi. Kisha, polepole, akili ikaanza kumtoka. Kwanza alisahau majina, baadaye akasahau njia ya kutoka chooni kwenda chumbani kwake, na mwisho akasahau kwamba mkewe alikwisha kufariki, ikabidi aambiwe upya kila alipouliza, mpaka msimamizi, bintiye, alipochoka kumfiwisha mtu yule yule na kuanza kumwambia mama kaenda sokoni. Mzee aliishi na bintiye huyo na mumewe. Mumewe alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani, na ndiye aliyeshinda na mzee mchana kutwa.

Msimamizi akampigia simu. Mumewe akamjibu kwa sauti ya mtu mwenye pini mdomoni kwamba baba yuko nyuma, kwenye kiti chake, anaota jua. Akamwomba aende akamwone kwa macho. Akasikia ndala zikiburuzika, mlango wa uani ukifunguliwa, kisha kimya. Halafu pini zikaanguka sakafuni, akazisikia.

"Hayupo," mumewe akasema. "Mke wangu, hayupo."

Ofisini kulikuwa na skrini inayoonyesha kila basi lilipo, kila moja na doa lake la kijani. Msimamizi, Kesho na mlinzi wakainama mbele yake. Namba saba lilikuwa katikati ya mji, linatembea. Likafika kituo cha posta, likasimama kwa muda wa watu kupanda, likaondoka. Likafika kituo cha benki, vilevile. Kesho akaguna, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuwa sahihi namna ile. Kila doa liliposimama, watu walikuwa wanapanda. Wanagusisha kadi zao kwenye mashine ya mlangoni, wanamsalimu dereva, wanakaa. Makondakta walikwisha kuondolewa siku zilipofungwa mashine hizo, na mle ndani hamkuwa na mtu mwingine wa manispaa.

Msimamizi akashika redio na kuita namba saba. Akaita tena na tena. Enzi za baba yake mabasi hayakuwa na redio. Sauti ile, kama aliisikia, haikuwa na maana yoyote kwake. Meneja alipopata habari kwa simu alitaka polisi wawashe ving'ora na kulizuia basi barabarani. Msimamizi akamwomba asifanye hivyo. Baba yake alikuwa akishtushwa hata na mlio wa birika siku hizi, na akishtuka alikimbilia kokote. Akishtuka na basi zima je?

Wakati anabishana, Kesho akamgusa bega. Doa la kijani lilikuwa limefika kwenye mzunguko wa hospitali. Namba saba hukata kulia pale, kufuata daraja jipya. Doa likanyooka.

"Anakwenda wapi?" Kesho akauliza. "Huko hakuna njia."

"Njia ilikuwepo," msimamizi akasema.

Baba yake hakuwa anaendesha njia ya sasa. Alikuwa anaendesha njia yake, ile ya zamani, ambayo ilipita mtaa wa maseremala ikavuka mto kwa daraja la chuma. Daraja hilo lilibomolewa baada ya mafuriko kulitikisa. Zilibaki nguzo zake tu mtoni, na barabara ikaishia hewani, imezibwa kwa utepe na mapipa ambayo watu walikuwa wakiyaiba moja moja kwenda kuhifadhia maji.

Hakukumbuka baadaye jinsi alivyoingia kwenye pikapu ya karakana. Kesho aliendesha kama mtu aliyekatazwa maisha yake yote kukanyaga mafuta na leo karuhusiwa. Walipita uchochoro wa nyuma ya hospitali na kutokea mtaa wa maseremala mbele ya basi. Wakakubaliana kwa maneno machache: yeye ashuke kituoni, Kesho atangulie mpaka mwisho wa barabara na kuiweka pikapu katikati.

Kituo kile kilikuwa hakitumiki tena, kibanda chake kikiwa kimegeuzwa pa kuanikia mbao. Alisimama kati ya mbao na kunyoosha mkono. Basi likaja, jeupe, pana, limejaa watu mpaka mlangoni. Lilipunguza mwendo bila mlio na kusimama mlango ukiwa sawasawa na miguu yake. Mlango ukafunguka.

Baba yake alikuwa amekaa wima nyuma ya usukani. Sare ilikuwa imepigwa pasi, mikunjo yake imesimama. Msimamizi hakuwa amemwona hivyo kwa muda mrefu: mabega nyuma, macho mawili mazima, mtu kamili. Moyo ulimruka kwa furaha ya kijinga, kisha ukaanguka.

"Karibu mama," baba yake akamwambia. "Shika chuma, usije ukaanguka."

Hakumtambua. Akamwita baba kwa sauti ndogo, na yeye akamjibu kwa upole uleule wa kikazi kwamba dereva hasemeshwi gari likiwa kwenye mwendo. Akaingiza gia.

Ndani abiria walikuwa wameanza kunong'ona. Mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni alikuwa anauliza kila aliyemkaribia mbona hospitali imepitwa, mtoto ana homa tangu jana. Wengine walidhani barabara inatengenezwa na dereva kazunguka. Karibu na msimamizi alisimama mpaka rangi, bwana mnene mwenye ndoo ya rangi katikati ya miguu na suruali ya rangi zote. Msimamizi akamsogelea sikioni. Alimwambia dereva ni mgonjwa na hajui anakokwenda, mbele hakuna daraja, na kituo kinachofuata watu wote washuke bila kelele. Mpaka rangi alimtazama, akatazama shingo ya mzee, akamtazama tena yeye. Rangi ilimtoka usoni. Lakini akageuka na kumnong'oneza aliyekuwa nyuma yake, na yule naye mwenzake, na msimamizi akaona habari ikitembea kiti kwa kiti mpaka kioo cha nyuma, na kila ilipopita nyuso zikawa zimeganda. Msichana mmoja alifungua kinywa apige yowe. Aliyekaa naye akamziba kwa kiganja na kumkumbatia.

Mtu akabonyeza kengele. Mzee akasimamisha basi kituoni, kwa adabu. Watu wakaanza kushuka, kimya, wakisukumana kwa mabega, na mlango haukuwa na mwisho wa watu.

"Wote mnashukia hapa?" mzee akauliza, akiwatazama kwenye kioo. "Kuna nini?"

"Kuna msiba, mzee wangu," mpaka rangi akasema.

Mzee akavua kofia na kuiweka mapajani. Akawapa pole mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Mama mwenye mtoto alipopita alimwambia amfunike mtoto kichwa, kuna upepo.

Basi likabaki na watu wawili. Huo ndio wakati msimamizi alipoona ufunguo unaning'inia chini ya usukani, karibu kabisa, akaupelekea mkono. Baba yake akamdaka kifundo cha mkono. Mkono uleule ulioshindwa kufunga vifungo vya shati ulimbana mpaka akahisi mifupa.

"Mama," akamwambia, bila hasira, "unataka kuua watu?"

Akamwachia, akafunga mlango, akaondoka. Akamwambia kama hashuki basi akae. Msimamizi hakukaa. Alisimama pembeni yake ameshika chuma, akimwita baba, akimtajia jina la mama, akimtajia mtaa wao, na mzee aliendelea kutazama mbele kama mtu anayevumilia redio ya jirani. Nyumba zikaanza kupungua. Mwisho wa barabara ukaonekana, na baada yake palikuwa na mwanga mtupu.

Pikapu ilikuwa imekaa kati kwa kati, ubavu wake umewaelekea, na mbele yake Kesho anapunga mikono yote miwili. Msimamizi alitaka kufumba macho ikashindikana. Basi likapunguza mwendo, likapunguza, likasimama na kutulia mahali ambapo Kesho angeweza kunyoosha mkono akagusa kioo. Hakuunyoosha. Alichuchumaa palepale, kichwa kati ya magoti.

Mzee alikasirika. Alisema mjinga gani anaegesha gari mdomoni mwa daraja watu wakienda kazini. Akavuta breki ya mkono, akafungua mlango, akashuka kwenda kumfokea. Bintiye akamfuata. Mzee akazunguka pikapu, akapita utepe, na sauti yake ikakatika katikati ya neno.

Chini yake palikuwa na maji ya udongo yanayokwenda kasi, na nguzo. Hakuna kingine.

Akageuka akalitazama basi: tupu, milango wazi, viti mstari kwa mstari. Akatazama tena maji. Bintiye aliona fikira ikimjia usoni, akaielewa kabla hajaitamka.

"Lilikuwa limejaa," mzee akasema. "Gari lilikuwa limejaa watu."

Akaanza kukimbilia ukingoni. Msimamizi alimrukia kiunoni, Kesho akaja akamshika miguu, na wote watatu wakaanguka juu ya changarawe. Mzee alikuwa anapambana nao kwa nguvu za ajabu, akiwaambia wamwachie, kuna mama mwenye mtoto, mtoto hawezi kuogelea. Sare ikachanika begani. Bintiye alikuwa anamwambia sikioni, tena na tena, kwamba wameshuka wote, hakuna aliyezama. Mwishowe nguvu zilimwisha. Akageuza uso, akamtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamwona.

"Kadogo," akamwita kwa jina la utotoni. "Nimeua watu?"

"Hujaua mtu, Baba."

Mzee hakumwamini. Alilia njia nzima wakirudi, katikati yao kwenye pikapu, akiwa ameikumbatia kofia yake.

Nyumbani mumewe alikuwa amekaa kwenye cherehani bila kushona. Mkewe alipomuuliza mzee alitoa wapi ile sare, alijibu bila kuzunguka. Kila siku, msimamizi akishaondoka kwenda kazini, baba aliamka akitaka kwenda kazini, akapiga mlango, akalia. Siku moja akamvalisha sare, akamwambia zamu yake ni ya mchana, asubiri. Mzee akakaa kwenye kiti, ametulia kama maji mtungini, mpaka akasahau anasubiri nini. Tangu hapo ikawa ndiyo dawa. Aliipiga pasi kila asubuhi, akairudisha sandukuni kabla mkewe hajarudi, kwa kuwa alijua angeumia kumwona baba yake anachezewa. Leo mteja alikuja kupimwa gauni la harusi, wakakawia.

Msimamizi alitaka kupiga kelele. Badala yake alimtazama mume huyu, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, na kuona kwamba katika nyumba ile ndiye pekee aliyewahi kujua namna ya kumtuliza mzee. Alimwambia tu kwamba alipaswa kumweleza mapema. Naye akakubali.

Manispaa ilikaa vikao. Mafundi wakapigwa marufuku kuacha funguo. Mlinzi alisimamishwa, na msimamizi akaenda kwa meneja kumtetea: akasema hata yeye, angemwona baba yake getini na sare ile, angemfungulia. Meneja akasema kwamba mama yake yeye mwenyewe yuko chumbani amefungiwa mlango kwa nje, na hajui afanye nini. Akasema hivyo akageukia dirishani. Mlinzi akarudi kazini mwezi ule ule.

Lakini mzee hakurudi sawa. Aliacha kuamka alfajiri. Aliacha kuulizia sare, akaacha kuulizia hata mkewe. Yeye aliyesahau chakula cha mchana kabla ya kunawa mikono alikuwa amelishika jambo moja na halimtoki: kila siku aliuliza kama wale watu wametolewa mtoni. Walipomwambia hakuna aliyezama aliwatazama kama unavyowatazama watu wanaokuficha msiba. Akaanza kukataa kula. Daktari akasema mambo ya aina hiyo hayana dawa.

Msimamizi akaanza kupanda namba saba asubuhi, kabla ya zamu yake. Kesho alimwachia kiti cha nyuma yake, naye akamtazama usoni kila aliyepanda, akiwatafuta abiria wa siku ile. Mpaka rangi alipatikana siku ya kwanza. Yule msichana alipatikana baadaye, naye ndiye aliyemjua mama mwenye mtoto. Wengine walikataa kuja kumwona mzee, mmoja alimwambia kwamba tangu siku ile anakwenda kazini kwa miguu. Hakumlaumu.

Waliokubali walikuja Jumapili baada ya chakula cha mchana, wakajaa sebuleni mpaka wengine wakakaa sakafuni. Mzee aliletwa kutoka chumbani, mkono wake kwenye bega la mkwe wake. Aliposimama mlangoni mazungumzo yakakatika. Aliwapitia kwa macho mmoja baada ya mwingine, taratibu mno, na midomo yake ikatembea kama anahesabu. Alipofika kwa mtoto, ambaye sasa alikuwa chini anatafuna kipande cha chaki ya fundi, akasimama.

"Huyu alikuwa na homa," akasema.

Mama yake akasema ndiyo, na kwamba alipona. Alipata lifti siku ileile mpaka hospitali. Mzee akaomba kiti. Alikaa magoti yake yakigusana na ya mpaka rangi, akawauliza walitokaje mtoni, na mpaka rangi akamweleza tena na tena, bila kuchoka, kwamba hawakufika mtoni, kwamba yeye mwenyewe mzee aliwashusha kituoni salama na kuwapa pole. Mzee alisikiliza akitikisa kichwa. Hawakuweza kujua, msimamizi alisema baadaye, kama aliamini au alikuwa na adabu tu. Ila chai ilipoletwa aliinywa, akaomba na mkate.

Wageni walipoondoka msimamizi alikusanya vikombe akavipeleka jikoni. Alianza kuviosha. Kikombe cha tatu au cha nne kilimponyoka, akainama kukiokota, na hakuweza kuinuka. Aliuona ule mwanga mtupu mwisho wa barabara, nyuso zilizoganda, mtoto mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akaelewa kwa mwili mzima kilichokuwa karibu kutokea. Mumewe alimkuta amekaa sakafuni katikati ya maji ya sabuni. Akafunga bomba, akakaa chini naye, suruali ikalowa, na toka sebuleni wakamsikia mzee akiuliza kama kuna mkate mwingine.